Safu ya Lugha: Haramu kwa sheria ya nani?

Mtaani Golf, Lubumbashi, dhambi hutamkwa *zambi*, kwa kuwa Kiswahili cha Katanga hakina sauti ya *dh*. Wengi hapa hulisikia neno hilo kanisani zaidi kuliko msikitini, na ni rahisi kulichanganya na *haramu*.

Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, huyatenganisha. Haramu ni hukumu ya kitendo, mojawapo ya hukumu tano, pamoja na wajibu (cha lazima), suna (kinachopendekezwa), mubaha (kilichoruhusiwa) na makuruhu (kinachochukiza). Dhambi ni mzigo wa mtendaji. Nyama ya nguruwe ni haramu, lakini aliyebanwa na njaa, akala kwa dharura tu bila kupita kiasi, hana dhambi. Ndivyo inavyofundisha Kurani (2:173).

Mzizi wa Kiarabu *h-r-m* umezaa pia jina la Msikiti Mtakatifu wa Makka, Masjid al-Haram, na *ihramu*, hali anayoingia hujaji kwa nia na vazi lake. Kumbe asili ya neno ina katazo na heshima pamoja: kisichoguswa ovyo.

Magazeti yamebaki na katazo peke yake, tena la serikali: silaha haramu, uchimbaji haramu. Katika mji huu wa shaba, anayechimba bila kibali amevunja sheria ya madini. Kama ana zambi, hilo ni swali jingine, na halijibiwi na ofisi ya madini. Basi mwandishi akitaka kusema *kinyume cha sheria*, aseme hivyo, amwachie shehe haramu yake.