Dhahabu ya Sekenke na Pumzi ya Mchimbaji

Msafiri atokaye Nzega kwenda Singida hupita Shelui kabla ya kuupanda mlima Sekenke. Historia tuliyozoea kuisimulia kuhusu eneo hili ni ya dhahabu: Wajerumani waliichimba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916 ikatumika Tabora kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Sarafu hizo huuzwa minadani hadi leo. Hewa iliyovutwa na walioko shimoni haina mnada.

Wachimbaji wadogo wangali wanashuka. Pampu ya petroli ikiteremshwa ndani ya duara ili kuvuta maji, moshi wake huleta kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanguka, mwenzake hushuka kumwokoa, naye huanguka. Huko Uingereza, mwanasayansi John Scott Haldane alishauri katika miaka ya 1890 kwamba ndege wadogo watangulizwe migodini, kwa kuwa huzidiwa mapema kuliko binadamu. Ndege hao walitumika mpaka miaka ya 1980.

Aliyeufanya udongo wenyewe umrithi ndege ni Mjapani Naoyoshi Taguchi, mwaka 1962. Alitumia oksidi ya bati. Ikipashwa moto, oksijeni hujishika juu ya chembe zake na kuzinyang'anya elektroni, hivyo umeme hupita kwa shida. Kaboni monoksaidi ikifika huiondoa oksijeni hiyo, umeme hupita kwa urahisi, na king'ora hulia. Baadaye watafiti wamezipunguza chembe hizo hadi kipimo cha nanomita na kuchanganya oksidi mbili, kwa mfano ya bati na ya zinki, ili kihisi kiitambue gesi iliyo kidogo sana. Unyevu bado hukivuruga, na mashimo yetu yana maji, tusiuziwe miujiza.

Bati hilo (jambo hili hunikera) huchimbwa kwetu pia, Kyerwa mkoani Kagera. Tunauza mawe, kisha tunasubiri vihisi viletwe kutoka nje.

Hata hivyo, kihisi hakichukui nafasi ya njia ya hewa. Ofisa anayekwenda kukagua maduara ya Shelui anaweza kuanza bila kifaa chochote, kwa kuuliza: pampu iko juu au iko chini?