Nani Atunze Taarifa ya Habari? Hakimiliki na Hifadhi ya Matangazo ya Runinga Magharibi mwa Kenya

Machi 2008, jeshi la Kenya lilipoingia Mlima Elgon katika Operesheni Okoa Maisha kulikabili kundi la Sabaot Land Defence Force, watu wengi wa Kiminini, Kitale na Bungoma walipata habari za yaliyotendeka karibu nao kupitia runinga. Waliofukuzwa makwao walikuwa tayari wamejihifadhi kwa jamaa zao huku Trans Nzoia na Bungoma. Mtafiti anayetaka kujua leo taifa lilielezwa nini kuhusu matukio yale ana njia mbili zisizolingana. Magazeti atayapata, kwa kuwa Sheria ya Vitabu na Magazeti humtaka mchapishaji awasilishe nakala serikalini. Sheria hiyo haigusi matangazo. Picha zilizotazamwa sebuleni na hotelini zimebaki mikononi mwa vituo vyenyewe, na kituo ndicho huamua kipi kidumu na nani akione.

Wahifadhi na wakutubi wanapoulizwa kwa nini hawarekodi taarifa ya habari, jibu la haraka ni hakimiliki. Nadhani jibu hilo linaisingizia sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 imeacha mlango, na uzito wa hoja yangu ni kwamba tuupite mlango huo badala ya kungoja dhana mpya kutoka ng'ambo.

Ni kweli kwamba kurekodi matangazo na kuyarusha upya ni haki ya mwenye matangazo. Haki hiyo hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka yaliporushwa. Matangazo ya Machi 2008 yatakuwa huru baada ya 2058. Kanda ya sumaku haiwezi kutegemewa kwa muda huo wote: huota ukungu, gundi yake hulegea, na mashine za kuichezesha huacha kutengenezwa. Haki itaishi kuliko kitu chenyewe, na atakayesubiri kwa utiifu mpaka muda uishe atapewa uhuru wa kunakili kisichokuwepo tena. Kwa vitabu tatizo hili ni dogo, maana nakala hutawanyika kwa maelfu. Taarifa ya habari hutazamwa na mamilioni, ilhali nakala yake huenda ikawa moja.

Sheria yenyewe inalijua jambo hili. Miongoni mwa misamaha iliyokusanywa katika Jedwali la Pili baada ya marekebisho ya 2019, umo ule wa matumizi ya haki kwa utafiti, uhakiki na kuripoti matukio, mradi chanzo kitajwe. Umo pia msamaha unaokiruhusu chombo cha utangazaji kuweka katika nyaraka zake rekodi ya muda yenye thamani ya kipekee ya kumbukumbu. Muhimu kuliko yote kwa hoja hii ni ule unaoruhusu kazi kunakiliwa na serikali, au na maktaba za umma, vituo visivyo vya biashara vya kuhifadhi kumbukumbu na taasisi za kisayansi zitakazotajwa katika kanuni, pale ambapo kunakili ni kwa maslahi ya umma na hakuna mapato yanayopatikana. Hapo pana hifadhi nzima ya habari, ikiwa tu majina yanayostahili yatatajwa.

Wenzangu wengine wangependa tuchukue dhana pana ya Marekani ya matumizi ya haki (fair use). Historia ya huko hainishawishi. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, kilianza kurekodi taarifa za habari za jioni mwaka 1968. Mwaka 1973 kampuni ya utangazaji ya CBS ilikishtaki. Ugomvi ulipoa baada ya Bunge lao, katika sheria ya 1976, kuziruhusu maktaba waziwazi kunakili na kuazimisha vipindi vya habari. Hata wenye dhana hiyo pana, basi, walihitaji kifungu mahususi. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa huko New York iliamua, katika kesi ya Fox News dhidi ya TVEyes, kwamba kampuni inayowauzia wateja uwezo wa kutazama vipande vya habari haiwezi kujikinga kwa dhana hiyo. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki: biashara ya picha ni ya aliyempeleka mpigapicha mlimani. Uingereza, tulikorithi sehemu kubwa ya sheria yetu, ilikwenda moja kwa moja. Kifungu cha 75 cha sheria yake ya 1988 kinaruhusu matangazo yarekodiwe kwa ajili ya hifadhi zisizo za faida.

Mahakama zetu nazo hazioni hakimiliki kama ukuta. Katika uamuzi wa 29 Septemba 2014 kati ya Tume ya Mawasiliano na Royal Media Services na wenzake, Mahakama ya Juu ililipima pamoja na maslahi ya umma suala la hakimiliki pale chaneli zisizolipiwa zinapobebwa na wasambazaji wengine.

Kwa nini basi tusiiachie serikali kazi hii, maadamu msamaha unaitaja? Kwa sababu tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na tarehe 30 Januari 2018 ikazima NTV, KTN News, Citizen na Inooro siku Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park. Mkono uliozima haufai kuwa ndio pekee unaotunza. Intaneti pia haitoshi: anayepakia ndiye anayefuta, na kilichorushwa kabla ya zama hizo hakikupakiwa chote.

Napendekeza Makumbusho ya Kitale na maktaba ya Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, zitajwe katika kanuni. Kitale kuna mazoea ya kutunza tangu mkusanyo wa Stoneham, uliozaa makumbusho hayo. Kibabii kuna wanafunzi wa utafiti. Eneo hili, lililompoteza Makamu wa Rais Michael Wamalwa Kijana mwaka 2003 na kumzika Kitale, lina habari zake za kutunza ambazo Nairobi haitazipa kipaumbele. Rekodi zitazamwe ndani ya jengo, nakala ya kutoka nayo itolewe kwa idhini ya kituo, na kituo kilichopoteza kanda yake kipewe nakala bila malipo.

Limebaki pingamizi ambalo nalihofia kuliko la vituo. Walioonyeshwa wakiwa na majeraha, au wakilia mbele ya nyumba zilizoteketezwa, hawakukubali kuonekana milele. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatutaka tuwafikirie. Mhojiwa, au mzazi wa aliyekuwa mtoto wakati huo, aweze kuomba sura ifichwe katika nakala ya watazamaji, na ombi lisikilizwe na jopo lenye watu wa Mlima Elgon wenyewe. Rekodi ya asili isiguswe, kwani huenda mtu huyohuyo akaihitaji siku moja mbele ya hakimu.