Reli Iling'olewa, Tumaini Likabaki



Katika sura ya nane ya Barua yake ya Pili kwa Wakorintho, Mtume Paulo anasimulia habari za makanisa ya Makedonia. Wakristo wale walikuwa katika majaribu makali na umaskini mkubwa, lakini furaha yao ilifurika hata ikawa ukarimu kwa ndugu zao wa Yerusalemu. Kwa hesabu yetu ya kila siku, mtu hufurahi akipata, hutoa akibakiza, na hutumaini akiliona ghala lake limejaa. Wamakedonia walianza na furaha, wakatoa, na ghala likabaki tupu. Je, jambo hilo lawezekana? Ili kujibu, hatuna haja ya kwenda Makedonia. Twendeni Nachingwea na Ruangwa, katika mkoa wa Lindi, tuisome historia ya nchi ile kwa macho ya imani.

Injili ilifika pande zile kwa njia ya Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia. Mwaka 1895 walianzisha misioni ya Lukuledi, na mwaka 1896 ile ya Nyangao. Miaka kumi haikupita kabla ya Vita vya Majimaji kuwaka, mwaka 1905. Tuseme kweli, ndugu zangu: watu walikuwa na sababu za kulalamika. Kodi, viboko na kulimishwa pamba kwa nguvu vilikuwa vimewachosha, na si rahisi kumlaumu mtu wa wakati ule kama hakuona tofauti kati ya Mjerumani mwenye bunduki na Mjerumani mwenye msalaba. Tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss aliuawa huko Mikukuyumbu, katika nchi ya Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi huohuo Lukuledi na Nyangao ziliharibiwa, na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha yake.

Lakini machozi mengi zaidi yalikuwa ya wenyeji. Jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua kuliko risasi. Wanahistoria wengine wanakadiria kuwa waliokufa katika nchi yote iliyoguswa na vita hivyo walifikia kati ya watu 250,000 na 300,000. Katika hali kama hiyo, ni nani angethubutu kuhubiri furaha? Hata hivyo, mwaka uliofuata, 1906, Wabenediktini walianza tena, safari hii huko Ndanda, kwenye maji yatokayo chini ya uwanda wa juu wa Makonde. Walirudi kwa watu waliofiwa, nao watu waliofiwa wakawapokea. Pande zote mbili zilikuwa na jambo la kusamehe. Hapo ndipo twaona ukarimu wa kwanza wa nchi ile: kumfungulia mlango mtu ambaye ungeweza kumfungia.

Jaribu la pili lilikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana vikali huko Mahiwa, karibu na Nyangao. Wenyeji walichukuliwa kuwa wapagazi, na chakula chao kikaliwa na majeshi yote mawili. Wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa nchini, na hadi Wabenediktini Waswisi walipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1920, Wakristo wa kusini waliishi bila mapadre wao. Hapakuwa na Misa, wala fedha kutoka Ulaya. Walibaki walimu wa dini na wazee wa Kanisa, wakisalisha watu siku ya Dominika, wakiwafundisha watoto sala, wakiwabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa na kuwazika waliofariki. Ninyi makatekista mnaotusikiliza asubuhi hii, hao ndio babu zenu katika kazi hii. Majina ya wengi wao hayakuandikwa katika kitabu chochote cha dunia hii.

Sasa tulitazame jaribu la tatu, ambalo lilikuja limevaa nguo za baraka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia, ilianzisha Mpango wa Karanga katika Tanganyika. Sehemu tatu zilichaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3 katika muda wa miaka 6, kwa gharama ya pauni milioni 25. Matrekta yakaja kung'oa misitu. Reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ikaanza kutayarishwa Mtwara. Lakini mipango ilitangulia uchunguzi wa udongo na wa mvua. Mwezi Januari 1951 serikali hiyo ilikubali kwamba mpango umeshindwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Ndugu wapendwa, tuyaangalie majira yale. Wakati treni zilipokuwa zikitoweka, na wakubwa wa dunia wakiiona Nachingwea kuwa ni jina la hasara, Kanisa lilipafanya mahali pale kuwa makao ya Askofu. Mwaka 1963 Jimbo la Nachingwea lilizaliwa, na Askofu Arnold Cotey wa Shirika la Wasalvatoriani akawa mchungaji wake wa kwanza. Mwaka 1986 jimbo hilo lilipewa jina la Lindi, nalo lipo hadi leo. Kanisa halikupata Nachingwea kitu ambacho Mpango wa Karanga ulikikosa katika udongo. Liliwakuta watu.

Tena, katikati ya miaka ya 1960, Nachingwea ile iliyohesabiwa kuwa haina kitu ikawapokea wageni. Wapigania uhuru wa Msumbiji walipewa mahali pa kukaa na kujiandaa, katika kambi iliyojulikana kama Shamba Na. 17, mpaka nchi yao ilipopata uhuru mwaka 1975. Wahenga walisema vyema: kutoa ni moyo, si utajiri.

Historia hii inatuhukumu sisi wa leo. Nasi mapadre tukiri kosa letu: mara nyingi tumewazoeza waamini kungoja mfadhili wa ng'ambo kana kwamba ndiye Masiha, na kigango kikikosa bati tumesema kimekosa uhai. Leo, Ruangwa na Nachingwea zinasikia tena ahadi kubwa, safari hii za madini. Kinywe kinatajwa kila mahali. Ni vyema watu wapate kazi na haki yao, na ni wajibu wetu kuidai haki hiyo kwa niaba ya wanyonge. Lakini tusiyakabidhi madini matumaini ambayo karanga hazikuweza kuyabeba. Bei ya korosho hupanda na kushuka, mvua huja na kukawia, na mgodi una siku yake ya kwanza na siku yake ya mwisho.

Basi wiki hii, kila Jumuiya Ndogo ya Kikristo ijiulize: ni nani kati yetu amefiwa, ni nani ghala lake ni tupu, na ni mtoto gani amekosa daftari? Tusingoje mavuno. Mwenye debe la mahindi achote, mwenye mbaazi apime, na asiye na kitu aende akaketi na mgonjwa. Tukifanya hivyo, tutaijua furaha ya Wamakedonia, ambayo pia ilikuwa furaha ya wale walimu wa dini waliobaki peke yao wakati wa vita. Mungu aliyewashika wao katika giza lile atushike nasi.

Tumsifu Yesu Kristo.