Mbwa na Mahali Pake Nyumbani

Ninyi mliokusanyika katika vikundi, naomba makatibu wenu wawe na daftari na kalamu tayari, maana mwisho wa somo yako maswali ya kuzungumza.

Mara nyingi katika masomo haya tunasoma habari za watawala, za misafara na za reli. Leo nitawaeleza historia ya mnyama ambaye kila siku amelala mlangoni petu, nasi twampita bila kumfikiri, mpaka ifike siku ya kujikwaa juu yake. Mnyama huyo ni mbwa.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani kwangu hapa Mpanda. Ninafuga mbwa mkubwa, jibwa hasa, tena mweusi. Nilimchukua baada ya wezi kuvunja mlango wa jirani. Usiku nilimwacha alale ndani, katika njia ya katikati ya vyumba, nikidhani kwamba ndivyo ulinzi unavyotakiwa kuwa. Alfajiri moja mama yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, alitoka chumbani kwenda uani. Taa haikuwaka. Mguu wake ulimgonga mbwa ubavuni, mbwa akashtuka akainuka ghafula, na mama akaanguka juu ya sakafu ya saruji. Akavunjika nyonga.

Wasikilizaji, nyonga ya mzee si jeraha dogo. Mzee aliyevunjika nyonga hulala kitandani siku nyingi, na wako wasioweza kutembea tena kama zamani. Basi jioni ile watu wa nyumbani walikutana. Mjomba alisema mbwa auawe kesho yake. Mwingine alisema apelekwe shamba. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilijua ni nani aliyemruhusu mbwa kulala pale.

Kabla ya kutoa hukumu, yafaa tuiulize historia maswali mawili. Mbwa aliingiaje nyumbani mwetu? Na zamani alilala wapi?

Kwanza tuondoe kosa moja. Wako watu wanaodhani kwamba mbwa wa nyumbani ametokana na mbwa mwitu wa porini mwetu, yule mwenye mabaka na masikio ya mviringo. Sivyo. Mbwa wetu ametokana na mnyama mwingine, mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za Ulaya na Asia, ambaye watu walianza kumfuga zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kabla hawajafuga ng'ombe wala mbuzi. Kwa hiyo mbwa aliingia Afrika akiwa tayari ni mnyama wa nyumbani, akifuatana na watu.

Sasa tuje katika nchi yetu ya Katavi. Wenyeji wa zamani wa sehemu hizi, yaani Wapimbwe, Wabende na Wakonongo, walikuwa wakulima, wawindaji na warina asali. Nchi yenyewe ina misitu ya miombo, na misitu hiyo ina ndorobo. Ndorobo huambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana, na watu huwaambukiza malale. Wengi hawajui kwamba mbwa naye hupata nagana. Hushikwa na homa, hukonda, macho yake huingia ukungu mweupe, kisha hufa. Basi katika nchi ya ndorobo kufuga mbwa lilikuwa jambo la taabu, na mbwa mgeni aliyeletwa kutoka nchi isiyo na ndorobo alikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Mbwa wa kienyeji alikuwa mwembamba, mwepesi, mwenye miguu ya kukimbia. Alikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwinda pamoja na bwana wake. Kazi ya pili ilikuwa kufukuza nyani na nguruwe shambani, na kubweka mnyama mkali akikaribia mji usiku. Mbwa wa namna hii maisha yake yalikuwa nje. Nyumba ya msonge ilikuwa na chumba kimoja, mlango wake mwembamba na wa chini, na moto katikati. Watu walilala humo, pengine na kuku na mbuzi pia. Nafasi ya mnyama kujinyoosha mlangoni haikuwapo. Aliyejaribu alifukuzwa mara moja, akajifunza kulala uani kwenye majivu ya moto au chini ya ghala. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini kila mtoto aliijua, na mbwa aliijua vilevile.

Huko pwani mambo yalikuwa mengine, walakini matokeo yalikuwa karibu sawa. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo yanafundisha kwamba mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba hakina budi kuoshwa mara 7, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hata hivyo dini haikukataza mbwa wa kuwinda, wala wa kulinda mifugo na mashamba. Kwa hiyo mbwa wa pwani alikuwa na kazi yake, na mahali pake palikuwa nje ya kizingiti. Imani hiyo ilisafiri bara pamoja na misafara, ikafika Tabora na Ujiji.

Basi jibwa lilitoka wapi? Lilikuja na wageni. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone, alikuwa na mbwa aitwaye Omar, aliyeletwa kutoka India ili alinde hema. Mbwa yule alikufa njiani kabla msafara haujafika Tabora. Mwaka ule ule Stanley akapita katika nchi ya Wakonongo, akielekea Ujiji, bila ya mlinzi wake.

Baadaye ulikuja utawala wa Wajerumani, kisha wa Waingereza. Huko Ujerumani, mwaka 1899, Max von Stephanitz alianzisha rasmi kabila la mbwa wa wachungaji wa nchi yake, ambao leo tunawaona kwa polisi wengi duniani. Mbwa wakubwa wa namna hiyo wakawa walinzi wa nyumba za Wazungu katika Afrika ya Mashariki, na kwenye malango yao yakaandikwa maneno ambayo hata asiyejua kusoma aliyaelewa: Hatari, Mbwa Mkali.

Hapa Mpanda mabadiliko makubwa yaliletwa na madini ya risasi. Kwa ajili ya mgodi huo ilijengwa reli kutoka Kaliua, nayo ikafika Mpanda mwaka 1950. Pamoja na reli zilikuja nyumba za namna mpya, zenye kuta za tofali, sakafu ya saruji, vyumba vingi na njia katikati yake. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini mfano wa nyumba ile haukuondoka. Leo ndiyo nyumba ambayo karibu kila mtu mwenye mshahara hutamani kuijenga.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndiyo shabaha ya somo letu. Mgeni aliyemwingiza mbwa ndani ya nyumba kwa kawaida alimpa mahali. Palikuwapo kikapu au mkeka pembeni mwa ukuta, na palikuwapo neno la amri ambalo mbwa alifundishwa tangu utoto, neno la kumpeleka mahali pake. Sisi tuliotazama kwa mbali tuliona mbwa mkubwa, tukaona na lile bango langoni. Mkeka hatukuuona, kwa sababu ulikuwa ndani. Basi tukachukua mbwa, tukaacha mkeka.

Wakati huo huo kazi za zamani za mbwa zilikuwa zikipungua. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika, wakae pamoja katika makao makubwa ili kujiepusha na malale. Katika miaka ya 1970 watu wakahamia katika vijiji vya ujamaa, nyumba zikasimama kwa mistari. Mwaka 1974 Katavi ikawa hifadhi ya taifa, na mtu hawezi tena kuingia humo na mbwa wake kuwinda. Mbwa aliyekuwa akitembea mbali kila siku sasa hana safari. Kutwa nzima yu nyumbani, nasi hatukumwonyesha mahali pa kukaa. Amejichagulia mwenyewe.

Naye huchagua nini? Huchagua mlango na njia ya katikati, tena kwa sababu zenye akili. Pale sakafu ni baridi na upepo unapita. Pale aweza kumwona kila aingiaye na kila atokaye. Pale yu karibu na watu wake, na zaidi ya hayo yu karibu na mama anayepika, ambaye pengine atadondosha kipande cha nyama. Mbwa mdogo akilala pale, mguu wako utamsukuma naye atalia. Lakini jibwa la kilo 30 au 40 halisukumiki. Ukimgonga, wewe ndiwe utakayeanguka.

Wala msidhani kwamba ni jambo la Mpanda peke yake. Mwaka 2009 idara ya Marekani inayoshughulika na kinga ya magonjwa ilitoa hesabu yake. Kati ya mwaka 2001 na 2006 watu zaidi ya 86,000 kila mwaka walitibiwa katika nchi ile kwa kuanguka kwa sababu ya mbwa na paka, na sehemu kubwa ilitokana na mbwa. Karibu watu 3 katika kila 10 walioangushwa na mbwa walijikwaa juu yake. Wanawake waliumia kuliko wanaume, na wazee wa miaka 75 na zaidi ndio waliovunjika mifupa zaidi.

Basi tufanyeje? Wazee wetu walisema kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Na sisi twende mbele kwa mambo haya.

Jambo la kwanza, mpeni mbwa mahali. Tandikeni gunia au mkeka pembeni, kando ya ukuta, mahali penye baridi na ambapo ataweza kuwaona. Mahali pa giza na upweke hatapapenda, atarudi mlangoni.

La pili, mfundisheni neno moja, kwa mfano "mahali", na watu wote wa nyumbani watumie neno hilo hilo. Akitii apewe kipande cha chakula. Msimpige teke, maana mbwa anayeogopa miguu hukimbia ovyo, na mbwa anayekimbia ovyo huangusha watu.

La tatu, msimpe chakula jikoni wakati wa kupika. Mama mwenye sufuria ya uji wa moto haoni chini ya miguu yake.

La nne, msimruke mbwa aliyelala. Mwiteni kwa jina, ainuke, apishe njia. Mbwa akiinuka wakati mguu wako mmoja ungali hewani, utaanguka tu.

La tano, usiku iwepo taa karibu na kitanda cha mzee, na mzee apewe fimbo ya kutangulia mbele ya mguu. Mbwa mweusi afungwe kengele shingoni. Wawindaji wa misitu ya Kongo tangu zamani huwafunga mbwa wao kengele za mbao, kwa kuwa mbwa wa kule hawabweki, na bwana hana budi kujua mbwa wake yuko wapi. Kengele hiyo inafaa nyumbani pia.

Wasikilizaji, nimalizie habari ya mama mkubwa. Tulipokwenda kumwamkia hospitali, mjomba alimweleza habari ya kumwua mbwa. Mama alifikiri kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulimwambia alale wapi?" Nikajibu kwamba sikumwambia popote. Akasema, "Basi mwambie."

Maneno yake yalinifunza kuliko vitabu vyangu. Mbwa hakuuawa. Amelala sasa kwenye gunia barazani, kando ya ukuta, akiwa na kengele shingoni. Mama mkubwa amerudi nyumbani, lakini hutembea kwa magongo, na njia ya kwenda uani ambayo zamani aliipita kwa hatua kumi na mbili sasa humchukua muda mrefu. Kila nimwonapo akiipita nakumbuka kwamba kosa lilikuwa langu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi ni haya. Moja, zamani katika kabila lenu mbwa alilala wapi, na nani alimfundisha? Pili, katika nyumba ya kila mmoja wenu, ni vitu gani vilivyolala njiani usiku, na nani huipita njia hiyo kwanza alfajiri? Tatu, tangu leo mtapafanya wapi mahali pa mbwa wenu?

Makatibu, andikeni majibu ya wazee kwanza, maana wao ndio wanaoikumbuka nyumba ya msonge. Kwaherini, na tuonane katika somo lijalo.