Uhuishaji wa mwembe

Uhuishaji wa mwembe ni utunzaji wa mwembe mkongwe, *Mangifera indica*, uliopogolewa sana ili utoe matawi mapya na kuzaa tena. Gome lililozoea kivuli huungua kwa jua. Kwa hiyo shina na matawi yaliyobaki hupakwa chokaa. Hatua hii hupuuzwa mara nyingi, ilhali gome lililopasuka huingiza ukungu na wadudu. Machipukizi huota kwa wingi chini ya mikato: huachwa machache yenye nguvu, yanayoelekea nje, na mengine huondolewa yakiwa machanga. Yaliyoachwa yanaweza kubebeshwa vikonyo vya aina nyingine, kama Ngowe au Kent. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huchochea majani na kuchelewesha maua. Kwa kawaida matunda hurejea baada ya miaka 2 hadi 3.