Kutoka Ziwa Victoria hadi Ofisi ya Ndoa New York

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana wa Kizungu aliyekulia Kenya, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta wengi ambao chembe zao nyekundu hujipinda kama mundu. Nyanda za juu, kulikokuwa na malaria kidogo, aliwakuta wachache mno. Baadaye akarudi, akawaambukiza malaria wanaume Wajaluo waliojitolea, 15 wenye sifa hiyo na 15 wasio nayo. (Sidhani kamati ya maadili ya leo ingempa kibali.) Kati ya wasio nayo, 14 walikutwa na vimelea. Kati ya wenye nayo, 2 tu. Matokeo yakachapishwa mwaka 1954.

Kumbe anayerithi kinasaba kimoja cha selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na kwa kawaida huishi bila kuugua. Mgonjwa wa selimundu ni aliyerithi viwili, kimoja kwa baba, kingine kwa mama. Muuguzi yeyote wa zahanati huweza kumweleza mama mjamzito jambo hili akaelewa. Watunga sheria wa Marekani liliwashinda.

Na haikuwa kwa kukosa wataalamu. Linus Pauling, mkemia mwenye Nobeli mbili, ndiye aliyeonyesha mwaka huohuo wa 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti. Lakini mwaka 1968, katika jarida la sheria la chuo kikuu kimoja cha California, alipendekeza vijana wenye kinasaba hicho wachanjwe alama kwenye paji la uso, ili wawili wenye alama wasipendane. Hoja ilitoka kwa mtu aliyetaka kuzuia mateso ya watoto, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Miaka mitatu baadaye Massachusetts ilitunga sheria ya kuwapima watoto wa shule, na ndani yake sifa ya kurithi ikaitwa ugonjwa. Mtoto mzima wa afya akawa mgonjwa kwa maandishi. New York, mwaka 1972, ililenga waombaji wa kibali cha ndoa. Iliamua nani apimwe kwa kuwatoa wengine: kila asiye Mzungu, wala wa makundi mengine mawili yaliyotajwa, ndiye wa kupimwa. Wakati huo ilikwishajulikana kwamba selimundu ipo Ugiriki pia. Mgiriki mwenye kinasaba hicho angepita mlangoni bila kuulizwa, na Mweusi asiyekuwa nacho angetolewa damu. Sheria ilidai inatazama damu, kumbe inatazama ngozi.

Mwezi Mei mwaka huohuo Rais Nixon alitia saini sheria ya taifa ya kupambana na selimundu, iliyotaka upimaji uwe wa hiari. Hata hivyo, Chuo cha Jeshi la Anga kule Colorado kiliendelea kuwakataa vijana wenye sifa hiyo hadi mwaka 1981. Na mwaka 1998 mahakama ya rufaa ilikuwa bado ikisikiliza malalamiko ya wafanyakazi Weusi wa maabara ya Berkeley, waliosema damu yao ilipimwa selimundu bila wao kuambiwa.

Ndipo mwaka 2008 ikaja sheria ya Marekani ya kuzuia ubaguzi wa kinasaba, na katika utangulizi wake sheria hizo za miaka ya 1970 zinatajwa kwa jina la selimundu. Safari hii waandishi hawakumtafuta mtu wa aina fulani. Walieleza taarifa inayolindwa: majibu ya vipimo vyako, vipimo vya ndugu zako, hata historia ya magonjwa ya ukoo. Mwajiri hapaswi kuuliza bibi yako alikufa kwa nini. Kampuni ya bima ya maisha, ambayo sheria hiyo haiigusi, yaweza kuuliza.