Snea ya chuma haina makosa, shida ni vile tunaiwamba

Kuna kitu hunikera kila nikiona bendi ya vijana ikijipanga kupiga. Snea ya chuma iko pale, ndefu, inang'aa, na juu ya ngozi yake kuna selotepu vipande vinne, tishu imekunjwa, na siku zingine hata pochi ya mtu. Ukiuliza unaambiwa, "Hiyo kitu ina kelele, boss." Halafu kuna mtu lazima aongeze: "Nunueni ya mbao." Sawa, na pesa za nani?

Msimamo wangu ni huu: snea ndefu ya chuma ndiyo ngoma imepewa jina baya bila kosa. Na historia iko upande wangu.

Ilizaliwa vitani

Kabla ya kuwa ya stejini, snea ilikuwa ngoma ya jeshi. Huko Ulaya, mpiga ngoma aliibeba ubavuni akitembea na askari, na milio yake ilikuwa amri: simama, songa, rudi. Chini yake zilipitishwa nyuzi za utumbo wa mnyama ili sauti ikwaruze na isikike mbali. Leo nyuzi hizo ni nyaya za chuma, lakini kazi ni ile ile. Kwa hivyo ukisema snea ina kelele, ni kama kulalamika pilipili inawasha. Hiyo ndiyo kazi yake.

Na usifikirie hii ni stori ya wazungu pekee. Mwisho wa karne ya 19, Pwani yetu ilichukua mtindo wa bendi za kijeshi na kuufanya wake: mavazi, gwaride, vyeo, ngoma na mashindano ya mitaa. Wakauita beni, na jina lenyewe limetoka kwa "bendi". Msee, hizo mbwembwe za stejini tulianza kitambo.

Ngozi ilibadilisha kila kitu

Kwa miaka mingi ngozi ya snea ilikuwa ngozi kweli, ya ndama. Mvua ikinyesha inalegea, jua likiwaka inakaza. Wapigaji wetu wa ngoma wanaijua hiyo shida. Ndiyo maana ngoma hupashwa moto kabla ya kuchezwa.

Halafu katika miaka ya 1950, Wamarekani wakaanza kutengeneza ngozi za plastiki aina ya Mylar. Mwaka wa 1957 Remo Belli alianzisha kampuni ya Remo kule California, na ngozi za plastiki zikaenea dunia nzima. Maana yake ni nini? Sasa ungeweza kuwamba ngoma ikaze, utoke, urudi kesho, uipate karibu pale pale ulipoiacha. Ukiwa na mzinga wa chuma, hapo mambo yanaanza kuwa matamu.

Ngoma ya kawaida iliyotikisa dunia

Kampuni ya Ludwig ilianzishwa Chicago mwaka wa 1909. Miaka ya 1920 walikuwa tayari wanatengeneza snea ya brasi, ile shaba ya njano ya tarumbeta, iliyopakwa nikeli nyeusi. Waliiita Black Beauty, na hadi leo watu wanaililia. Lakini iliyosambaa zaidi ilikuja miaka ya 1960: Supraphonic. Namba 400 ilikuwa na kina cha inchi 5, namba 402 inchi 6.5, zote upana wa inchi 14. Nyingi zilikuwa za alumini iliyopakwa kromu.

Tarehe 9 Februari 1964, Ringo Starr wa The Beatles alionekana kwenye televisheni ya Marekani, kwa Ed Sullivan, na jina la Ludwig likisomeka mbele ya ngoma yake kubwa. Vijana wakakimbilia maduka. Ringo mwenyewe alikuwa na snea ya mbao, lakini biashara ya kampuni nzima ilipaa.

Sasa sikia hii. John Bonham wa Led Zeppelin, ambaye wapiga ngoma wengi humwita mfalme wa roki, anajulikana kwa ile 402. Hakutengenezewa na mganga. Ni ngoma ya kiwandani, iliyo kwenye katalogi, ya mtu yeyote mwenye pesa ya duka. Alichofanya ni kuikaza vizuri na kujua kuipiga. Kwenye "When the Levee Breaks" ya mwaka wa 1971, fundi Andy Johns aliweka ngoma chini ya ngazi za jumba la Headley Grange huko Uingereza, akaning'iniza maikrofoni mbili juu. Basi. Hakukuwa na maikrofoni iliyobanwa kwenye snea. Mwaka wa 1986 Beastie Boys wakachukua mdundo huo huo wakaurapia. Kwa hivyo hata kama wewe ni mtu wa hip-hop, hii chuma inakuhusu.

Snea maarufu ilikuwa ya kukodi

Mfano wangu mtamu zaidi ni Nirvana. Mwaka wa 1991 wakirekodi Nevermind kwenye studio ya Sound City, Dave Grohl alitumia snea ya Tama, ndefu na nzito, ya shaba ya kengele. Wenyewe waliiita Terminator. Haikuwa yake! Ilikodiwa kutoka kwa fundi wa ngoma wa Los Angeles. Moja ya snea zinazojulikana zaidi duniani, na aliyeipiga hakuimiliki. Kwa hivyo mtu akikuambia wewe si mpiga ngoma kwa sababu huna yako, mwonyeshe mlango.

Na kuna upande mwingine. Mwaka wa 2003 Metallica walitoa St. Anger, na Lars Ulrich alikuwa ameachilia nyaya za snea zisiguse ngozi. Ikalia kama sufuria, na mashabiki bado wanalalamika. Hawa ni watu wenye pesa na studio kubwa. Pesa hainunui sikio.

Sasa ya kwako

Ukienda kununua ya mitumba, beba sumaku. Ikishika kwa mzinga, hiyo ni chuma cha pua: kali, inang'aa masikioni. Isiposhika, inaweza kuwa alumini, iliyo kavu na nyepesi, au brasi, iliyo nzito na yenye joto. Kromu ikiwa imechubuka kwenye alumini, usiogope; Supraphonic nyingi za zamani ziko hivyo. Tumia huo mchubuko kuomba bei ishuke. Cha kuogopa ni mzinga uliopinda. Toa ngozi, lalia ukingo juu ya kioo au meza iliyonyooka, uangalie kama kuna mwanya.

Kuwamba, anza na ngozi ya chini. Ni nyembamba, kwa hivyo kaza skrubu zote kwa vidole kwanza, kisha kwa ufunguo, nusu mzunguko, ukiruka upande wa pili kila mara kama unafunga gurudumu la gari. Ikaze kuliko ya juu. Mzinga mrefu una hewa nyingi ndani, na chini ikilegea nyaya zitachelewa kujibu.

Juu fanya vivyo hivyo. Achilia nyaya, gonga karibu na kila skrubu, usikilize. Zote ziseme sauti moja. Ukipitiliza, legeza hadi chini ya unapotaka kisha upande tena. Ngozi iliyolegezwa tu haitulii.

Mwisho nyaya. Hapa ndipo wengi huua ngoma: wanazibana mpaka ngoma inakosa pumzi. Kaza mpaka mgongo mdogo wa kijiti uamshe mkwaruzo, halafu acha. Ikibaki na mlio mrefu unaokusumbua, weka kipande kimoja cha selotepu ukingoni. Kimoja, si pochi.

Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Mimi nawaheshimu, lakini snea nyingi nilizoziona zikitupwa stoo hazikuwa zimepasuka. Zilikuwa hazijawambwa. Ufunguo wa ngoma ni kitu kidogo kinachoingia mfukoni. Kabla kikundi chenu kichange pesa ya ngoma mpya, changeni ya huo kwanza, pamoja na ngozi mbili mpya, mkae chini saa moja na ile chuma mnayoidharau. Ikikataa kabisa, basi nunueni ya mbao.